Siku Babu Alipofungiwa Nje

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Ijumaa tarehe 28 Juni Mama Nyaya anakabidhi ufunguo wa chumba cha seva na kustaafu rasmi.

Alianza hospitalini kwetu akiwa mpiga chapa wa ofisi ya kumbukumbu, enzi ambazo faili la mgonjwa lilitafutwa kwa kupanda ngazi na kupiga chafya. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wengi tuliiogopa. Yeye aliifungua mgongo aone kuna nini ndani. Akapelekwa kozi, akarudi msimamizi wa seva. Jina alipewa na wauguzi, maana hakuonekana bila waya begani. Na ole wako uingie kwake na kikombe cha chai: mlitoka wote wawili, wewe na chai yako.

Kisa cha Babu wageni hawakijui, basi nikieleze.

Kanzidata yetu, ghala la kumbukumbu zote za wagonjwa, ilikuwa na akaunti moja kuu, yenye mamlaka ya kumfungulia na kumfungia kila mtu. Tuliiita Babu. Bahati mbaya, mtunza stoo wetu wa dawa naye tulimwita Babu. Mzee huyo alipostaafu, mkurugenzi aliagiza akaunti ya Babu ifungwe asubuhi hiyohiyo. Fundi wa zamu, mtu mtiifu kupita kiasi, akamfunga Babu. Skrini za hospitali nzima zikaganda. Kumbe mfumo wote uliingia kwenye kanzidata kwa mgongo wa Babu, na wa kumfungulia Babu alikuwa Babu mwenyewe.

Wakati huo chumba cha upasuaji kilikuwa na dereva wa lori, kaletwa hajitambui, anavuja damu ndani kwa ndani. Muuguzi mkuu alimtambua: aliwahi kulazwa kwetu, na dawa moja ya usingizi nusura imuue. Ipi? Hakuna aliyekumbuka. Jibu lilikuwa ndani ya kanzidata. Daktari wa usingizi alitupigia simu chumba cha seva, akapiga tena, sauti ikipanda: kungoja hawezi, kubahatisha hathubutu.

Mkurugenzi, jasho likimtiririka, alitaka seva ifutwe na mfumo usimikwe upya. Mama Nyaya alimjibu, kwa adabu zote, kwamba hiyo ni kazi ya siku nzima na mgonjwa hana siku nzima. Kisha akatutisha: akachomoa waya wa mtandao, akaizima kanzidata. Alieleza huku vidole vikienda kwamba ataiwasha kwa namna isiyouliza nywila, mlango wazi kwa yeyote, ndiyo maana kaitenga na dunia kwanza. Akaiwasha. Haikuwaka.

Fundi wa zamu alikaa sakafuni. Simu ililia, hakuna aliyeipokea. Mama Nyaya alisoma amri aliyoandika herufi kwa herufi, midomo ikichezacheza, akagundua karuka kistari kimoja. Akakiweka. Ikawaka. Akamfungulia Babu, akaiwasha upya kanzidata na ulinzi wake wote, akarudisha waya.

Muuguzi mkuu alifungua faili, akamsomea daktari wa usingizi jina la dawa kwa simu. Ilikuwa ileile iliyokwisha kuvutwa kwenye sindano, ikingoja jibu.

Mama Nyaya hakumfokea fundi. Alimfanyisha zoezi lote kwenye seva ya majaribio mpaka likamkaa mikononi, na leo ndiye anayemrithi. Kila mfumo ukapewa akaunti yake yenye mamlaka ya kiasi, na majina ya utani yakapigwa marufuku kwenye maagizo ya kazi.

Dereva alipona. Siku ya kuruhusiwa alikuja kwa miguu yake mwenyewe hadi chumba cha seva, akabisha hodi, akamuuliza Mama Nyaya choo kiko wapi. Mama akamwelekeza, akarudi kazini. Alipotusimulia alicheka mpaka machozi, kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

Asante, mama yetu. Wako wengi wanaotembea mjini bila kujua jina lako. Sisi tunalijua, na tunalitaja leo kwa heshima. Nenda kawalee wajukuu, zima simu, lala usingizi usiokatizwa na king'ora cha seva. Tukikwama, tutahangaika wenyewe kwanza. Mungu akupe afya na siku njema nyingi.