Fundi Dakika Tano na Honi ya Miezi Kumi na Mitano

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na tisa ya kazi, fundi mkuu wa karakana yetu atavua ovaroli na kustaafu. Aliajiriwa kuziba pancha. Anaondoka akiwa ametengeneza kila gari lililowahi kuingia getini, pamoja na mengine ambayo wenyewe hawakujua kuwa ni mabovu.

Sisi wenzake humwita Dakika Tano. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kukusudia, maana ndilo jibu lake kwa kila dereva. Breki ni dakika tano. Injini iliyotandazwa vipande vipande juu ya gunia, nayo ni dakika tano. Mhasibu wetu aliwahi kuzisubiri dakika hizo tangu saa mbili asubuhi, akagawiwa chakula cha mchana cha fundi, na alipoondoka saa kumi alikuwa amejifunza kubadilisha plagi.

Amewafunza kazi mafundi kumi na mmoja, na wote huosha spana kabla ya kuosha mikono. Lakini huwezi kumuaga mzee huyu bila kutaja gari la vitabu.

Ni basi dogo la maktaba, lenye rafu ubavuni, lililokuwa likipeleka vitabu katika shule kumi na saba. Tarehe 4 Machi mwaka jana dereva wake, dada asiyependa maneno mengi, alilileta karakana kwa tatizo moja: honi hailii. Kadi ya kazi ikafunguliwa. Fundi akasema, naam, mnajua alichosema.

Honi ililia siku ya tatu. Ila ili kuufikia waya wake alikuwa ameung'oa usukani, na usukani ulipotoka akaona bushi zimelika. Alipoinama kuzitazama, spana ikamponyoka, ikapita katika sakafu ya gari na kutua kwenye sakafu ya karakana. Kutu ilikuwa imemaliza bati lote chini ya zulia. Kufumua sakafu kulitaka rafu zitolewe. Rafu zilipotolewa ikabainika kuwa ndizo zilizokuwa zimeshikilia ubavu wa kushoto.

Mtunza stoo alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. "Mzee, la kuvunda halina ubani."

"Mimi sifukizi, nachomelea," fundi akamjibu kutoka uvunguni. "Niletee bati."

Wiki hiyohiyo zikaja habari mbaya. Kamati ya magari chakavu, ambayo hukutana kila robo mwaka, ilikuwa imeliweka gari hilo katika orodha ya kuuzwa kwa kilo. Hapakuwa na mpango wa kununua jingine. Shule zile zingebaki bila vitabu, na dada dereva angehamishiwa masjala kubandika lebo. Bahati nzuri kanuni yetu inasema kwamba gari lenye kadi ya kazi iliyo wazi halijadiliwi, kwa kuwa hali yake bado haijulikani.

Anayeandika haya ndiye karani wa kadi, na tarehe zote anazo. Tarehe 25 Machi, siku moja kabla ya kikao, fundi aligundua rejeta inavuja. Tarehe 24 Juni, siku moja kabla ya kikao, aligundua gia boksi inalia. Tarehe 23 Septemba zikaonekana springi za nyuma, na tarehe 16 Desemba likaonekana tangi. Tarehe 24 Machi mwaka huu alibaini kwamba kiti cha abiria kinayumba, akaomba muda wa kukichunguza kwa kina. Ubovu ulikuwa wa kweli kila mara, tulikagua. Cha ajabu ni macho yake, yaliyokuwa yakiona vizuri zaidi siku moja kabla ya kikao. Alipoulizwa, alifuta mikono polepole. "Karani, kalamu yako ina wino? Basi andika."

Ujanja huo uligonga mwamba mwezi huu. Anayestaafu hapewi hati ya makabidhiano asipofunga kadi zake zote siku saba kabla ya kuondoka, na kikao kilipangwa tarehe 24, siku sita kabla ya kuondoka kwake. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa amesubiri vikao vitano, alimpigia simu kumpa pole, kwa sauti ya mtu mwenye furaha nyingi.

Kwa wiki tatu hatukumsikia fundi akitaja dakika. Alisema "kesho," na kesho ilipofika kazi ilikuwa imekwisha. Wengine tulihofu kwamba anaumwa. Tarehe 23 alitia saini kadi yenye kurasa arobaini na moja.

Siku ya pili kamati ilishuka uani na fomu ya kuuza ikiwa imeshachapwa. Dada dereva akawasha, gari likaitika mara moja. Mwenyekiti hakuridhika. Aliingia uvunguni yeye mwenyewe, na suti yake, na tochi yake, akakaa huko kitambo. Alitoka na vumbi mgongoni.

"Hili silo gari lililo kwenye fomu," akasema. "Hapa cha zamani ni namba tu."

"Hata hiyo nimeipaka rangi, mwenyekiti."

Fomu ilichanwa palepale. Asubuhi iliyofuata gari lilikwenda shule ya mbali kuliko zote, likarudi na vitabu mia mbili na kumi na viwili vilivyokuwa vimekaa huko zaidi ya mwaka vikisubiri kubadilishwa. Vingi vilikuwa vimesomwa mpaka vimelegea. Tunashukuru kwamba fundi hakuviona.

Kwa ushauri wa mkewe, ambaye tayari amempiga marufuku kuusogelea mlango wa jikoni, zawadi yetu ni kiti cha kupumzikia kisicho na skrubu hata moja. Mzee wetu, ahsante kwa kila gari na kwa kila safari. Tunakuombea afya, usingizi mnono wa mchana, na uzee usiohitaji kufumuliwa.