Mji Mkuu Usio na Rais

Mama mmoja aliyeingia Sucre kwa basi la usiku kutoka La Paz alipanda basi letu dogo, akamuuliza jirani yangu don Nicanor mahakama kuu iko wapi. Hapo alijiponza. Don Nicanor hawezi kumwelekeza mtu njia bila kuanzia tulipotangaza uhuru.

"Mama, huu ndio mji mkuu wa Bolivia. Taifa lilizaliwa hapa!"

"Likazaliwa, na lilipoanza tu kutembea likahama. Rais yuko kwetu, bunge liko kwetu. Ninyi mmebaki na nini, mzee? Kuta nyeupe?"

"Tumebaki na majaji. Si ndio waliokuleta?"

"Nimekuja kwa kesi ya nyumba ya marehemu baba. Sikuja kuhiji!"

Basi likasimama mbele ya mahakama. Lango lilikuwa limefungwa. Ilikuwa mchana, na mji mkuu mzima ulikuwa umerudi nyumbani kula.

"Hata kazi moja mliyoachiwa mnailalia!" mama alifoka akishuka.

Don Nicanor akatoa kichwa dirishani. "Kaa hapo kivulini usubiri, mama. Sisi tunamsubiri rais arudi tangu babu yangu hajaoa."