Mgeni wa Salhiya na Mkono wa Bi Sichana

Jumanne, tarehe 30 Juni, Bi Sichana Jaku wa maabara ya hospitali yetu anastaafu, baada ya miaka thelathini na nne ya kututoa damu na kututia adabu. Kamati imeniomba niandike kwa furaha. Nitajaribu.

Alikuja kutoka Makunduchi, na wiki ya kwanza alizimia kwa kuona damu. Mwenyewe hukana, mashahidi tupo. Baadaye mkono wake ukawa mwepesi hata wagonjwa wakifika dirishani huuliza kwanza kama yupo. Wakiambiwa hayupo, ghafla wote wamepona.

Lakini huwezi kumtaja Bi Sichana ukamwacha Salhiya, mkulima wa mwani wa Paje, aliyerudi kutoka India na moyo wa mtu mwengine, marehemu, kifuani. Moyo kama huo mwili unaweza kuukataa siku yoyote. Zamani, ili ajue hali yake, ilimbidi arudi huko huko, apitishwe waya shingoni mpaka moyoni, akatwe kinofu cha kupimwa. Alirudi hoi. Kisha kikaja kipimo cha damu tu: moyo ukishambuliwa, chembe zake huzidi kwenye damu, na maabara ya India huziona. Bi Sichana ndiye aliyewasumbua wakubwa mpaka damu ikatolewa hapa na kupelekwa kwa ndege. Siku moja pale uwanjani kijana wa mizigo aliuliza kama ndani ya boksi la barafu mna pweza. Bi Sichana akamjibu kuwa mna habari za moyo wa mtu, na alishike kwa heshima. Maskini, alilishika kama yai.

Salhiya alipotaka kuelezwa, Bi Sichana alimwambia moyo ule ni mgeni, na damu ndiyo inayosema kama wenyeji wanampiga. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi ikawa ada: Salhiya akishatoa shikamoo, huuliza mgeni wake hajambo, na Bi Sichana humjibu marahaba, yuko konde, analima.

Mwanzoni mwa mwaka jana majibu yalikuja mabaya. Bi Sichana hakupiga simu. Alikwenda Paje mwenyewe. Salhiya hakuhisi maumivu yoyote na alitaka kwanza avune mwani wake. Akaambiwa wazi kuwa mgeni anafukuzwa. Alisafiri, akatibiwa, akarudi anacheka. Mwaka huu, mwezi wa Shaaban, mwili ukaukataa tena, na safari hii dawa hazikufua dafu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Sote tulilia. Bi Sichana alifuta meza ile ile asubuhi nzima. Tangu hapo anasema kipimo chake hakikufaa kitu, na maneno hayo yanatuuma kuliko kuondoka kwake.

Salhiya alikuwa ameahidi mkate wa kumimina kwa karamu hii. Jana mama yake, Bi Mwatum, ameuleta mwenyewe. Kasema ile safari ya Paje ilimpa Idi mbili zaidi na mwanawe. Kasema pia mgeni kalima mpaka kachoka, asilaumiwe mtu.

Umesikia, Bi Sichana? Ahsante kwa yote. Nawe jembe ulilishika tangu siku ya kwanza, hukungoja ya tatu, sasa litue. Mungu akupe afya, na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na sisi. Kisu kiko mezani. Mkate wa Salhiya, ukate wewe.