Wietske Dijkhuis, Mgeuza Viti, Anastaafu

Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Bi. Wietske Dijkhuis anastaafu katika nyumba yetu ya mikutano ya mtaa, De Wilg, hapa Zwolle, Uholanzi. Bodi imeniomba mistari michache ya furaha. Furaha ninayo, maana kufanya kazi naye kulikuwa raha. Hasira ninayo pia, na sitaifunika kwa shada la maua.

Wietske aliajiriwa kusimamia maktaba ndogo na kahawa ya wazee. Mwaka wa pili akaomba projekta. Alilelewa katika kanisa lililohesabu sinema kuwa dhambi, akasema kama ni dhambi basi tuifanye pamoja, kisha tuwashe taa tuizungumze. Ndivyo zilivyoanza Jumatano za filamu: filamu kuhusu imani, kuhusu watu wanaopenda wa jinsia yao, na kuhusu nyumba ambamo mambo hayo mawili yamekutana mezani.

Filamu ikiisha, hakuna aliyebaki akitazama kisogo cha mwenzake. Viti viligeuzwa vikawa duara, kama sebuleni kwa Waholanzi siku ya kuzaliwa ya shangazi: kahawa, biskuti moja kwa kila mtu, na desturi ileile ya kupeana mikono. Anayeingia humpa kila mtu mkono, anayetoka vilevile. Ukikasirika, kasirika, lakini mlangoni utafika baada ya kulizunguka duara zima. Emine Yıldırım, anayetuletea mikate ya jibini kutoka msikiti wa jirani, aliwahi kuwaambia wazee wa kanisa na wa msikiti kwamba kwa kukunja uso wao ni pacha, wametenganishwa na ndevu tu.

Jioni moja ya Novemba, mzee wa kanisa Gerrit Hoekzema alikuja ili aondoke. Alikuwa ameshatangaza kwamba atatoka mbele ya watu wote, na koti hakulivua. Duara lilipoundwa, akasimama. Wietske akamkumbusha mikono. Akazunguka, akitoa mkono kama mtu anayelipa faini, mpaka kiti cha mwisho, karibu na mlango. Hapo aliketi mwanawe, Jurre, aliyeingia taa zikiwa zimezimwa. Tangu Jurre aende kuishi na mwanamume mwenzake, miaka saba, baba yake hakuwa amemfungulia mlango. Mkono wa mzee ukabaki hewani.

"Ni mkono tu, baba," Jurre alisema. "Hauambukizi."

Mzee akaushika mkono wa mwanawe. Kisha akamgombeza kwamba mikono yake ni baridi, kwa nini havai glavu, akavua koti, akaketi. Kuhusu Maandiko hawajakubaliana hadi leo. Ila sasa wanabishana mezani, supu ya njegere katikati, na mwenzi wa Jurre akiwaongezea.

Sasa bodi imekarabati ukumbi. Viti vipya ni laini, vina pa kuwekea kikombe, na vimefungwa sakafuni kwa bolti, vyote vikitazama mbele. Wietske hakuulizwa. Alipolalamika, mwenyekiti wetu, Bw. Rutger van Essenveld, alimjibu kwamba mazungumzo hayajazi ukumbi, na kwamba mambo hayo ya imani na mapenzi yalishatatuliwa zamani. Huyo ndiye anayepandisha bendera ya upinde wa mvua, ya wapendao wa jinsia yao, mlangoni kila mwaka na kupigwa picha. Yalitatuliwa wapi? Nyumbani kwa nani? Bendera haijawahi kumrudisha mtoto mezani kwa baba yake. Na msichana mmoja aliyekuja mwezi Machi, aliyekaa duarani bila kutamka neno, kisha akauliza tutakutana tena lini, tumjibu nini? Sisi tuliofika mji huu kama wakimbizi tunajua watu wanavyogeukana wasipotazamana.

Bodi imepanga kumuaga Ijumaa ndani ya ukumbi huo, yeye akae safu ya mbele. Sisi tutakuwa uani, kando ya baiskeli. Njoo na kiti kutoka nyumbani. Bw. Hoekzema ameshasema analeta viwili. Mwenyekiti naye anakaribishwa. Biskuti yake moja ipo.

Wietske, asante kwa kila kiti ulichokigeuza. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na sebule isiyo na bolti. Jumatano zitaendelea, uani au majumbani kwetu. Ila Ijumaa usituponyoke kimyakimya. Kanuni ni yako mwenyewe. Ukitaka kuondoka, zunguka kwanza, utupe mkono mmoja mmoja.