Tulilima Hadi Uani kwa Mwanangwa

Mama zangu, na nyinyi akina baba wachache mliokaa kule nyuma kama mmekuja kuomba chumvi, asanteni kwa kuniachia nafasi. Nasema Kiswahili kwa kuwa hapa tupo Wasukuma, Wasumbwa na Wazinza. Nikikosea, chekeni kidogo kisha mnisikilize. Sitamtaja mtu. Aliyenipiga ana mama yake, na mama huyo hakunikosea kitu.

Niliolewa ningali mdogo. Mwaka wa kwanza alinipiga kwa sababu uji uliungua. Mwaka wa pili uji haukuungua, akanipiga vilevile. Nikaanza kuishi kwa masikio. Kikohozi chake nilikijua tangu yuko nje ya ua wa minyaa, na nikikisikia mikono inasahau kazi. Alipokwenda Geita kwenye dhahabu nilidhani nitapumzika. Wapi! Kila aliyekohoa njiani nilidhani ni yeye.

Mara mbili nilikimbilia kwa baba, na mara mbili baba alinirudisha mwenyewe, ametangulia njiani, hanitazami. Ng'ombe wa mahari yangu walikuwa wameshatolewa kumwolea kaka yangu mke. Nikiachika, warudi, watoke wapi? "Vumilia, mwanangu," alisema. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilimeza meno yangu mawili.

Mume wangu aliponivunja mkono sikwenda tena kwa baba. Nilikwenda kwa shangazi, dada yake baba. Akanifunga mkono kwa vijiti na kamba za magome, na ulipounga akanipa jembe, akaniingiza kwenye kikundi hiki chetu cha kulima. Mimi nilitaka kukaa ndani nijifiche. Akaniambia, "Mayu, mama yangu, huko ndani atakukuta peke yako."

Wageni labda hamjui sheria yetu ya kulima. Tunasimama mstari mmoja, mwimbishaji anaimba, na aliyeingia kwenye mstari haitwi wala hatolewi mpaka kipande kiishe. Hata mwenye shamba hathubutu. Wanaume nao wana sheria hiyo kwao, na anayeivunja huimbwa vibaya ngomani mpaka ahame.

Asubuhi moja tulikuwa katikati ya shamba la pamba, nikasikia kikohozi. Sikugeuka. Mkojo, niseme ukweli, ulinitoka. Alikuja na kaka zake wawili na kamba. Akaita jina langu, majembe hayakusimama. Basi akaenda kukaa mwisho wa kipande, kule kule tulikokuwa tunaelekea, akatungoja. Fikirini wenyewe: kila jembe nililopiga lilinisogeza kwake. Niliogopa kuliko siku zote alizonipiga. Nikamwambia shangazi, "Nakufa." Akasema, "Lima."

Zilipobaki hatua chache, mwimbishaji wetu, ambaye yumo humu na ameshaanza kuinamisha kichwa, hakuumaliza wimbo. Aliugeuza mstari. Tukapinda mpakani, tukaingia kwenye nyasi, tunaimba na kulima. Tukalima njia ya ng'ombe. Tukalima pembeni mwa mihogo ya watu. Wale wanaume wakatufuata na kamba yao, hawajui wafanye nini. Viganja vyangu vilichubuka na kutoa damu. Tulikwenda hivyo mpaka kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, tukaulima ua wake uliofagiliwa vizuri hadi mlangoni.

Alitoka amekasirika. "Nani kawatuma kulima hapa?"

Shangazi hakuweka jembe chini. "Shikamoo, baba. Kipande chetu kinaishia kwako. Huyu ana neno."

Msidhani nilisema kishujaa. Nilinyoosha mkono uliounga vibaya, nikafungua mdomo aone mapengo. Mume wangu akasema nilianguka. Mwanangwa akaitazama kamba. "Na hii ni ya kumfungia aliyeanguka?"

Akaamuru nikae kwa shangazi mpaka baraza la mtemi, na barazani ndoa ikavunjwa. Baba alirudisha ng'ombe kwa shida, mmoja akatoka zizini kwa shangazi. Baba alininunia muda mrefu, lakini mwaka huu alikuja kula karanga zangu.

Hofu haijaisha. Juzi mtu alikohoa kisimani nikaangusha mtungi. Lakini nalala, na naamka nikiwa kwangu. Namshukuru Mungu, shangazi, mwimbishaji, na wote mlioshika jembe siku ile. Namshukuru na mwanangwa, ambaye bado analalamikia ua wake.

Nililojifunza ni hili: aliyepigwa msimuulize kwa nini hakuondoka. Miguu nilikuwa nayo; mahali pa kwenda ndipo hapakuwapo.

Jana alifika mwenzetu mmoja, amejifunika kaniki usoni. Msigeuke kumtazama. Mama, kesho tunalima. Utasimama katikati, mimi kulia kwako, shangazi kushoto. Woga wako njoo nao tu. Mimi wangu nitakuwa nao.