Mkate wa Wahenga Saba

Benchi ni letu, baraza ni la Mama Vitambaa, na tatizo lote liko hapo. Jana alitoka dukani, akalitazama benchi kama mtu anavyotazama jino bovu, akasema kesho atatupa jibu: libaki au liondoke, maana wateja wake wanaogopa kupita mbele ya wanaume wanaojua kila kitu. Basi leo tumekaa kwa adabu, vikombe vya kahawa mkononi, magoti pamoja kama tunaposa. Yupo Wembe, kinyozi mwenye kiti kimoja ambacho hakijawahi kujaa. Yupo Profesa, aliyestaafu ukarani lakini hajastaafu kusema. Yupo Sindano, fundi cherehani anayemshonea Mama Vitambaa mapazia. Na mimi, shahidi asiye na hatia.

— Jamani, leo mama kafunga, Sindano akaanza. Dini yao ya Kihindu ina siku ya kuwaenzi wahenga saba wa kale. Wanawaita rishi.

— Saba! Walikuwa na nywele? Wembe akauliza.

— Mpaka kiunoni. Na ndevu.

— Mnaona? Akili ni nywele. Ndiyo maana hawakukanyaga kwa kinyozi.

— Na wanaokanyaga kwako hutoka bila vyote viwili, Profesa akasema. Wale ni nyota, bwana. Ziko saba, usiku unaziona.

— Wewe mlango wako huuoni ukitoka hapa, utaona nyota? Wembe akamrudishia.

— Nyota wapi! nikadakia. Ile ilikuwa zamu. Wiki ina siku saba. Mmoja anakuwa na hekima, sita wanalala.

Profesa akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue uongo unaokuja unataka mikono miwili.

— Tazameni. Wanaume wazima wamekaa pamoja, hawana haraka, hawabebi kitu, wanajua mvua itanyesha lini na mke wa nani kanuna. Hicho ni nini?

— Kijiwe!

— Basi mama kafunga kwa heshima ya kijiwe! Atatuondoaje? Mchumia juani hulia kivulini. Sisi tukaona jua la nini, tukaanzia kivulini moja kwa moja.

— Lakini wao saba, sisi wanne, Wembe akasema.

— Watatu wako njiani.

Hapo hofu ikageuka kiburi. Tukakubaliana tumpelekee mama cha kufungulia, alainike, benchi lipone.

— Anafungua kwa kitu gani? nikamuuliza Sindano.

— Alinieleza jana. Kitu fulani kuhusu shamba na ng'ombe. Nilikuwa natunga uzi.

— Nusu shari kuliko shari kamili, Profesa akasema, na hakuna aliyejua shari imeingiaje. Shamba ni ngano, ngano ni mkate. Ng'ombe ni maziwa. Mtihani umekwisha.

Tukanunua mkate mkubwa kuliko adabu zetu. Sindano akaubeba mkono mmoja, maziwa mkono wa pili, akabisha kwa goti.

Akatoka mkamwana wa mama, bi harusi wa juzijuzi, hajatuzoea bado. Akautazama mkate, akatutazama sisi.

— Shikamooni, baba zangu. Maziwa leo mama hanywi. Wala hagusi kitu kilichoota kwenye shamba lililolimwa kwa ng'ombe.

Sindano akainama kutazama viatu vyake. Shamba. Ng'ombe. Vyote viwili alivisikia.

— Amewasikiliza tangu asubuhi, binti akaendelea. Anasema, kwa kuwa mnajua kila kitu, mnitajie kimoja tu kinachoota bila kulimwa, nikampikie. Ana njaa kweli.

Wembe akajikuna kipara. Wanaume wanne tumekula maisha yetu yote, na hakuna aliyewahi kuiuliza sahani inatoka wapi.

Kutoka ndani ya duka ikaja sauti ya mama, yenye njaa, lakini yenye nafasi ya kucheka:

— Waambie ni wao! Nani aliwapanda hapo?

Mkamwana akaficha mdomo kwa upindo wa nguo.

— Kwa hiyo tubaki, mama? Profesa akaita, sauti imenywea kama kaptula iliyochemshwa.

— Leo ni siku takatifu, baba. Magugu hayang'olewi. Ila kesho msije na mkate. Njooni na mabega, benchi hilo zito.