Nyundo Ndani ya Kopo la Hamira

Verna, zima hiyo redio, bei ya ng'ombe hainihusu tena. Na wewe, Lyle, kama hutaki kuvua koti usivue, simama hapo hapo mlangoni na buti zako zenye theluji, ila usitoke kabla sijamaliza, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema jambo hili mara mbili, na kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa na pumzi tele na sikulisema hata mara moja.

Nianze na mepesi. Nyumba ni ya Verna, kwa sababu ndiye aliyebaki humu akanipikia na kuuvumilia mdomo wangu. Malisho ya kando ya mto Musselshell ni yenu wawili, na mkitaka kugawana, gaweni kwa uzio uliopo, msilete wapimaji. Nguzo tatu upande wa jirani yetu Stroud zimeoza, zibadilisheni kabla ndama hawajatoka. Na huyo Stroud, niliyemwita mwizi wa maji mlangoni mwa kanisa watu wote wakisikia, mwambieni kwamba wiki iliyofuata nilikwenda kuupima mfereji mwenyewe nikakuta yeye ndiye mkweli, na sikurudi kumwambia. Niliona aibu. Hapana, nisijipambe: nilikasirika kwa kuwa yeye alikuwa sahihi. Kumbukeni hilo la mfereji, maana linalofuata ni lile lile, ila hili limeua.

Vilivyomo karakana, yaani jiliwa la kubania chuma, tupa, mashine ya kukereza na makopo yote ya skrubu, nilitaka viwe vya Lyle. Sasa sijui kama atavitaka. Asikie kwanza.

Verna, ishushe ile bunduki fupi ya wenzo iliyo juu ya mlango wa jikoni. Haina risasi, niliikagua kabla sijaanguka kitandani, lakini sukuma wenzo chini, tia kidole kwenye chumba cha risasi, mwonyeshe na kaka yako. Haya. Ilaze hapa juu ya blanketi. Lyle, usigeuze uso. Najua hujaigusa tangu siku ile, wala hujagusa nyingine yoyote, na farasi pia uliwaacha, ukaenda kuchimba mafuta Wyoming na watu wasiokujua jina.

Ndugu yenu Gordy aliipata mnadani kule Roundup, ikiwa na kasoro nyingi kama mbwa wa kuokota alivyo na viroboto. Skrubu ya wenzo ilijifungua yenyewe kila baada ya risasi kumi, risasi zilikwama mdomoni mwa chumba, kitako kilikuwa kifupi kwa ile mikono yake mirefu, na tundu la wenzo halikupitisha glavu ya baridi. Majira yote yale ya baridi niliifanyia kazi, na niseme kweli, sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Kitako nilichonga kipya kwa mti wa jozi ulioanguka nyuma ya ghala, nikakipima begani mwake mara nne. Wenzo niliukata nikauunga upya, tundu likawa pana, glavu ikaingia bila kusukumwa. Njia ya risasi niliisugua kwa jiwe la kunolea lenye mafuta hadi zikawa zinapanda kama maji. Mama yenu alikuwa akileta kahawa karakana anatucheka, anasema sisi watatu tunaikumbatia bunduki kuliko tunavyomkumbatia yeye.

Ikabaki kasoro moja, uzito wa kifyatulio.

Gordy akaniambia, "Mzee, hiki si kifyatulio, hili ni komeo la geti la ng'ombe!"

Nikamwambia, "Tulia. Nitakifanya laini kama siagi ya mama yako."

"Usikifanye laini mno, nisije nikapiga chafya nikaua farasi."

Tukacheka. Wote watatu tulicheka, Lyle, na wewe ulikuwepo, umekaa juu ya pipa la kuni.

Verna, wewe hujui mambo haya, nikueleze. Nyundo ya bunduki kama hii ina mapengo mawili mguuni. Ukiivuta hadi mwisho, ulimi wa kifyatulio unashika pengo la juu, na hapo ukigusa tu inapiga. Ukiivuta nusu, ulimi unazama kwenye pengo la pili, ambalo ni refu na lina ukingo kama ndoano, na hapo hata uning'inie kifyatulioni nyundo haianguki. Sisi wa huku wote tulibeba hivyo tukiwa juu ya farasi: risasi chumbani, nyundo nusu, bunduki kwenye mfuko wa ngozi chini ya goti. Baba yangu alibeba hivyo, nami niliwafundisha ninyi mkiwa hamjang'oa meno ya utoto, nikawaambia nusu ni salama kuliko kitanda.

Nilipolainisha pengo la juu, nikaona ulimi unakwaruza ule ukingo wa nusu unapoupita. Ulitoa mlio mdogo, kiasi cha panya kutafuna. Mtu mwingine angeuacha. Mimi niliyejifundisha kazi bila mwalimu, niliyekuwa nikitukana kazi ya viwanda vyote, sikuweza kuuacha mlio ule. Nikachukua tupa nyembamba nikaupunguza ukingo. Ukalia tena, nikaupunguza tena.

Lyle akaja akainama juu ya jiliwa, akasema, "Baba, ukingo huo umebaki mwembamba kama ukucha."

"Nani fundi hapa?"

"Wewe, Baba. Nasema tu."

"Basi nenda ukaseme na farasi, wao watakusikiliza, hawana akili kama wewe!" Nikamtupia tupa. Alama yake bado ipo ukutani kando ya dirisha, nendeni mkaitazame. Kisha nikaigonga nyundo ile herufi zangu mbili kwa patasi, kama nilivyofanya kila kazi niliyoridhika nayo, nikaifunga.

Lyle, sasa nitasema yako, na nikikosea nirekebishe.

Ilikuwa Novemba, mmetoka mlimani na kulungu mkubwa, nyama juu ya farasi wa mizigo. Gordy alitaka mikono yake iwe huru kumwongoza yule farasi, akakupa bunduki yake uibebe kwenye mfuko wa tandiko lako. Mlipofika kwenye barafu ya kijito ukashuka, ukaishika kitako uitoe, farasi asije akaanguka nayo. Nyundo ikagonga pembe ya tandiko, risasi ikatoka. Gordy alikuwa nyuma yako, anakaza kamba ya nyama.

Ulimleta nyumbani kwa saa tatu, ukiwa umemlaza mbele yako juu ya farasi. Mama yenu alikuwa anaanua nguo zilizoganda.

Jioni ile ulimwambia Sherifu Hobart neno moja tu, ukalirudia. Ulisema, "Sikugusa kifyatulio." Na Hobart, mtu wa haki, akaitia bunduki kwenye gunia akaniletea mimi. Alinishika bega akasema, "Orrin, wilaya nzima fundi ni wewe peke yako, na najua juu ya mlango wako umeandika nini. Ipime. Utakachoandika ndicho kitakachosimama."

Mnajua kibao changu kinasema nini. NIKIHARIBU, NITAKUAMBIA. Nilikipaka rangi mwenyewe, nikaona wenye karakana wote hadi Billings ni waongo isipokuwa mimi.

Niliifunga jiliwani asubuhi ya pili yake, kabla ya maziko. Nikavuta nyundo nusu. Nikaisukuma kwa dole gumba, sikutumia nguvu, kama unavyosukuma mlango uliorudishwa tu. Ikaanguka. Nikaifungua nikauona ukingo wangu, nusu yake imemeguka, chuma cheupe kinang'aa mahali kilipovunjikia.

Nilikaa. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mteja yeyote hata yule niliyemchukia. Nilitafuta kwenye makopo nyundo nyingine nzima ya bunduki ya namna ile, nikaipaka siki ili ionekane kuukuu, nikaitia, nikaipima mara hamsini, ikashika mara hamsini. Nikamwandikia Hobart kwamba bunduki haina kasoro.

Alipokusomea karatasi ile, Lyle, hapa hapa jikoni, wewe ulinitazama mimi. Hukumtazama yeye. Nikadhani utasema. Nikasema moyoni, sasa atasema habari ya ukucha, na akisema nitakubali, naapa ningekubali. Ukatazama mikono yako ukasema, "Basi lazima nilikigusa." Uliamini karatasi yangu kuliko vidole vyako. Mimi ndiye niliyekulea uniamini hivyo.

Nami nikanywa kahawa yangu.

Verna, usilie sasa, utanikatisha, na nikikatika sitarudi.

Mama yenu, Inga wangu, alikufa mwaka wa saba baada ya hapo akijua kwamba mwanawe mmoja alimuua mwingine kwa uzembe. Hakumtukana, hakuwa mtu wa matusi, lakini mnakumbuka alivyokuwa akimpakulia Lyle chakula kisha anasimama kwenye jiko akimpa mgongo hadi amalize. Usiku wake wa mwisho aliniambia, "Orrin, nimejaribu kumsamehe, imenishinda, uniombee." Nikamwambia nitamwombea. Niliushika mkono wake, nikalifumbia hili mdomo mbele yake. Hilo halina pa kurekebishwa. Hakuna kifaa. Mchungaji Aamodt alikuja jana akaniambia toba haichelewi, nikamwambia atoke, anamwambia nani, aende akamwambie Inga.

Basi fanyeni haya. Verna, kwenye droo ya chini kuna kopo la hamira lililofungwa kwa waya. Lifungue. Hiyo ndiyo nyundo yenyewe, na herufi zangu zimo, sikuzifuta. Miaka yote hii niliilisha mafuta isishike kutu, sijui kwa nini. Chini yake kuna barua ya kurasa nne na sahihi yangu. Nakala moja mpelekee mwana wa Hobart aliyekalia kiti cha baba yake, nyingine gazeti la wilaya, na ya tatu isomwe kanisani siku ya maziko yangu kabla watu hawajaanza kunisifu. Isomwe yote. Aamodt akiruka mstari, msimamishe.

Kibao cha mlangoni king'oeni mkichome. Msikiuze kwa watalii wa vitu vya kale.

Msinilaze kando ya Inga. Ile nafasi iliyo kati yake na Gordy, niliyoiwekea jiwe lenye jina langu, jiwe lile mlitoe. Mimi niwekeni kule chini kwenye uzio, upande wa wale wasio na watu. Sitaki kulala karibu naye na hili kinywani.

Bunduki mtaikata. Mtutu vipande, kiwiliwili vipande, kwa gesi, isirudi mkononi mwa mtu. Kitako cha jozi mkiache, kina kipimo cha bega la Gordy, hakuna kingine tulicho nacho chenye kipimo chake.

Lakini kabla hamjaikata. Lyle. Njoo.

Sikuombi unishike mkono. Bisibisi iko kwenye kikombe. Nataka uitoe nyundo nzima uirudishe ile mbovu, kwa mkono wako, maana karatasi umeshaandikiwa moja ukaiamini, sitaki uamini nyingine. Nimetengeneza bunduki nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hii ya mwisho nataka iharibiwe irudi ilivyokuwa.

Vua glavu. Ndiyo. Skrubu ya kitako kwanza. Unaona, mikono haijasahau. Ulikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, na nilijua, na ndiyo maana tupa ile iliruka. Sasa springi, ilegeze polepole, inauma. Pini ya nyundo isukume kutoka kushoto... si huko, kushoto. Hivyo.

Nipeni maji.

Itoe. Iweke hapo. Sasa hii. Usiitazame sana, itie tu. Pini. Springi. Verna, mshikie taa, macho yake nayo yamezeeka.

Tia kidole chumbani tena. Hata kama tumeangalia. Tia.

Vuta nyundo nusu. Unasikia ilivyoingia? Inadanganya vizuri. Mtu yeyote angeiamini, juu ya farasi, na baridi, na ndugu yake nyuma. Toa kidole kwenye kifyatulio, kiweke mbali, juu kabisa, Verna akione. Sasa isukume kwa dole gumba. Kidogo.

Kidogo tu, mwanangu.

...

Nimeisikia.

Ndiyo hiyo. Ndivyo ilivyolia. Hukugusa. Hukugusa kitu, Lyle.

Verna, kaka yako anafanya nini? Siwaoni vizuri. Mwache aketi. Mwache, usimshike.

Baraka... mzee hufunga kwa baraka. Zangu sijui kama zina uzito. Verna, Mungu akuweke, uolewe na mtu asiyekuwa na hasira. Lyle, Mungu akurudishie... akurudishie mikono yako. Mengine nimeyala. Siwezi kuyatapika.

Unasema nini? Sema kwa nguvu, sikio hili limekufa.

"Nilikuambia, Baba."

Ndiyo.

Uliniambia.